Bahasha ya Saa Nne

Mzee Gichuru hakuwa mtu wa kuamini kitu hivi hivi. Akinunua maziwa kwa Annah, kwanza atayanusa, kisha atamwangalia Annah, kisha atayanusa tena. Ukimwambia jua limetoka, atachungulia dirishani. Warigia, mkewe, alizoea kumwambia, "Wewe siku utakayokufa, baba, utamwomba malaika kitambulisho." Naye mzee hujibu bila kucheka, "Kwani akiwa si malaika?"

Basi mtu kama huyo ndiye hasa aliyefaa kuwa mwamuzi wa mchezo wa chesi. Kilabu yao ilikutana katika Ukumbi wa Kware, jumba la mawe lenye paa la mabati ambalo watu wa viwandani walijijengea kwa harambee, kila familia ikibeba mawe yake kutoka timboni. Siku za wiki lilikuwa shule ya chekechea. Jumapili makanisa mawili yalipokezana humo, na kila wiki yaligombana kuhusu nani aliyeacha viti vimetapakaa. Jumamosi ilikuwa ya chesi. Mzee Gichuru alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ukumbi huohuo. Ndiye aliyechonga kete zote kwa mabaki ya mbao, na ndiye aliyeshika sheria.

Sheria zenyewe zilikuwa chache na hazikuwa na msamaha. Ukigusa kete, umeicheza. Ukishindwa, wewe ndiye unayenyoosha mkono kwanza na kumwambia mwenzako, "Hongera, umenishinda," na hapo hakuna kununa. Na mchezo ukikatizwa na giza, mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi bila mtu kuiona, anaitia katika bahasha, na mzee anatia sahihi juu ya gundi na kuiweka mpaka wiki ijayo. Bahasha inafunguliwa mezani, wenyewe wawili wakiwa wamekaa, wala si dakika moja kabla. Miaka kumi na minne mzee alishika bahasha za watu, na hakuna hata moja aliyowahi kuichungulia.

Luseno aliingia ukumbini humo mwaka wa themanini na sita. Alikuwa ametoka Vihiga na begi moja, kibarua wa kiwanda cha sabuni, amepanga chumba cha mabati huko Mukuru kwa Reuben. Alikuja kuomba maji ya kunywa. Akasimama kuangalia ubao, glasi mkononi, na walipofunga mlango jioni bado glasi ilikuwa imejaa. Mzee akamfundisha. Miaka miwili baadaye mzee hakuweza tena kumshinda, na kusema kweli jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyokubali kuonyesha. Mwaka wa tisini kijana akawa bingwa wa Eastlands nzima ya Nairobi. Mwaka wa tisini na tatu akafika fainali ya nchi, na mchezo wa mwisho ukaletwa pale pale Kware. Mpinzani alikuwa wakili mmoja wa upande wa Westlands, mtu wa tai, aliyepangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia.

Giza likaingia mchezo haujaisha, na Luseno amebanwa kila upande. Kila aliyejua chesi alisema, "Huyu kwisha." Akaandika hatua yake, akaifunga. Katikati ya wiki mtu akaja karakana akimwomba mzee achungulie tu, asitoe, achungulie tu. Mzee alimfukuza kwa ubao wa mvule mpaka barabarani. Jumamosi bahasha ilipofunguliwa, lo! Luseno alikuwa amemtoa malkia wake, kete kubwa kuliko zote, bure kabisa. Watu wakashika vichwa. Wakili akamla huku akitabasamu. Kumbe wakati wote wanamtazama malkia, kuna askari mmoja mdogo pembeni, kete ambayo hakuna aliyeijali, alikuwa amebakiza hatua mbili afike mwisho wa ubao, na akifika anageuka malkia mwenyewe. Akafika. Wakili akanyoosha mkono. Usiku ule, haki ya Mungu, Mzee Gichuru alilia mbele ya mkewe.

Hivyo ndivyo Luseno alivyopata jina la Bingwa. Akapanda ndege kwenda kucheza ng'ambo, akarudi na zawadi ya kilabu: saa ya chesi, yenye nyuso mbili na kibendera chekundu kinachoanguka muda wako ukiisha. Watoto wa mtaani kwa Reuben wakawa wanamfuata barabarani. Na mtu akishafuatwa na watoto, watu wazima huanza kumwambia asimamie kiti.

Sababu ilipatikana mwaka wa tisini na saba. Wapimaji walikuja na mvua ya El Nino, buti zimejaa tope jeusi, wakapigilia vigingi kuzunguka Ukumbi wa Kware. Ikasemekana kiwanja kimepewa mwekezaji. Ilani ya kuhama ikabandikwa mlangoni. Diwani wa wadi, Bwana Mulama, alipoulizwa alisema hayo ni maendeleo, na kwamba mtu anayepinga maendeleo aende akakae kijijini kwao. Kila mtu akaelewa: Mulama akirudi udiwani Desemba, ukumbi unabomolewa. Luseno akatangaza kwamba atasimama dhidi yake, kwa chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa juu ya duka la nyama. Wakambeba mabegani. Mzee Gichuru akafanywa wakala mkuu.

Sasa, Mulama alikuwa mtu wa Vihiga. Kijiji kimoja na Luseno, kanisa moja, hata inasemekana mama zao walichota maji kisima kimoja. Mwanzoni hakuna aliyelitaja jambo hilo. Lakini Mzee Gichuru alikuwa na nduguye aliyefukuzwa Molo katika vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili, akafukuzwa na majirani waliokula mbuzi wake Krismasi. Nduguye huyo aliingia Nairobi na godoro lililoungua upande mmoja. Mtu akishaona godoro kama lile, hasikii tena habari za ujirani kwa masikio yaleyale.

Ilianza siku mzee alipotoka kununua misumari. Akaona Peugeot nyeupe ya Diwani Mulama imesimama kwenye kona ya Tassia, enzi hizo Tassia bado ni mashimo na nyasi. Mlango ukafunguliwa, akashuka Luseno, anacheka meno yote nje. Mulama akamwambia kitu kwa lugha yao. Luseno akajibu kwa lugha yao, wakacheka tena.

"Niaje, Mzee!" Luseno akamwita, kana kwamba hakuna jambo.

"Ulikuwa na nani?"

"Na mtu wa kwetu."

Mtu wa kwetu! Mzee alirudi karakana akapiga msumari juu ya kidole chake mwenyewe.

Tangu hapo kila kitu kikawa na harufu. Luseno aliacha kuja Jumamosi. Mabango yake yaliisha na hakuagiza mengine. Halafu akaja kuomba kitambulisho na kadi ya kura ya mzee, ati ni kwa orodha ya mawakala, akakaa nazo siku mbili. Na mtaa mzima ulijua kwamba watu wa Mulama walikuwa wakinunua kadi za kura ili wapinzani wakose kupiga. Kadi iliporudi, mzee aliikagua kwa mwangaza wa dirisha kama noti bandia.

"Unatafuta nini?" Warigia akamuuliza.

"Kona hii haikuwa imekunjwa."

"Ala! Kona! Kijana amekula ugali wangu miaka kumi na moja, leo unamhukumu kwa kona ya kadi?"

"Mla nawe hafi nawe," mzee akasema. "Damu ni nzito kuliko maji, mama. Hata hao wa Molo walikuwa wakila ugali."

Warigia akaondoka zake jikoni. 

Siku moja kabla ya wagombea kupeleka karatasi za uteuzi kwa msimamizi wa uchaguzi, katika shule ya wadi, saa tisa mchana, Luseno akaingia karakana amelowa chapachapa. Akatoa bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi.

"Mzee, nishikie hii."

"Ya nini?"

"Ya mchezo wa kesho." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake hayakutulia. "Kesho, kama saa nne kamili sijaonekana pale shuleni, ifungue. Si hapa. Ukiwa palepale mlangoni kwa msimamizi. Mlango unafungwa saa sita, kwa hiyo usingoje. Saa nne, Mzee."

"Kwa nini usiniambie sasa hivi?"

"Kwa sababu wewe hujui kusema uongo. Mtu akikuuliza, uso wako unajibu kabla ya mdomo."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi kwa kuwa kweli. Akatia sahihi yake juu ya gundi kwa mazoea tu, akaiweka bahasha katika mfuko wa ndani wa koti.

Asubuhi, Mzee Gichuru na Warigia wakiwa njiani kwenda shuleni, Chege muuza magazeti akawasimamisha. Alikuwa na furaha ile mbaya ya mtu mwenye habari.

"Mzee, Bingwa wenu amekula hongo! Nimemwona alfajiri kwa macho yangu haya, akiingia kwa Peugeot ya Mulama. Hakushikwa, hakusukumwa. Alifungua mlango mwenyewe."

Mzee akaendelea kutembea. Ndani yake, aibu kusema, kulikuwa na kitu kama raha. Alikuwa amesema. Si alikuwa amesema?

Pale shuleni watu walikuwa wamejaa chini ya miavuli. Langoni walisimama vijana wa Mulama, wakimchungulia kila mwanamume mrefu mwembamba aliyefanana na Luseno. Mzee Gichuru alipita katikati yao, na mmoja alimfunika hata na mwavuli. "Pole na mvua, mzee." Ndani ya darasa alikaa msimamizi wa uchaguzi na rejista yake. Mulama alikuja na waimbaji, akawasilisha karatasi zake, kisha akavutiwa kiti barazani akakaa. Kila baada ya muda aliangalia barabarani.

Mzee alikuwa ameibeba saa ya kilabu katika kikapu, kwa sababu hakuiamini saa ya shule. Akaiweka juu ya dawati la barazani. Saa nne ikafika. Luseno hayupo.

"Baba, saa nne," Warigia akanong'ona.

"Naona."

"Basi fungua."

Mzee akaigusa bahasha kupitia kitambaa cha koti. Alikuwa ameshaifikiria njia nzima, akaona mpango wote, na kadiri alivyouona ndivyo ulivyomchoma. Humu ndani, akajiambia, kuna barua ya kujiondoa. Luseno ameona haya kuileta mwenyewe, ndiyo maana anataka mimi niipeleke kwa msimamizi kwa mkono wangu, ili kesho waseme ni Gichuru aliyemtoa Bingwa.

"Bahasha haifunguliwi mwenyewe akiwa hayupo mezani," akasema. "Ndiyo sheria."

"Sheria ya chesi hiyo! Mwenyewe amekwambia ufungue!"

"Msaliti hanipangii saa."

"Gichuru." Warigia hakuwa akimwita kwa jina ila akiwa amekasirika kwelikweli. "Je, kama si hivyo unavyodhani?"

"Kama si hivyo, atakuja. Ana miguu. Si aliitumia kuingia kwa gari la Mulama?"

Saa tano. Mvua ikazidi. Watu wa Kware wakaanza kuulizana, Bingwa yuko wapi, na Mulama naye akasema kwa sauti, akimwangalia kila mtu isipokuwa mzee, "Labda amekwama akicheza drafti!" Vijana wake wakacheka. Warigia akasema tena mara mbili, kisha akaacha, akajifunga leso yake kiunoni na kwenda kusimama mbali na mumewe.

Kibendera chekundu kilianza kuinuka dakika chache kabla ya saa sita, kama kawaida yake. Mzee alikitazama. Alikuwa na muda wa kutosha wa kutia mkono mfukoni. Hakuutia. Kikaanguka.

Msimamizi akatokea barazani. Karatasi alizopokea, akasema, ni za mtu mmoja tu, kwa hiyo Bwana Mulama amepita bila kupingwa. Waimbaji wakalipuka. Mulama akainua mikono. "Asanteni! Mwezi wa tatu mtaona tingatinga pale ukumbini, na mtaona maendeleo!"

Watu wa Kware walisimama tu. Mama mmoja, mwalimu wa chekechea, akaanza kulia kwa sauti. Hapo ndipo hasira ilipompanda Mzee Gichuru mpaka masikio yakamvuma. Akapanda juu ya dawati.

"Nyamazeni! Nyamazeni mnisikilize! Bingwa wenu hakuja, lakini ameacha barua. Nataka muisikie kwa masikio yenu, mjue mlikuwa mkimbeba nani mabegani!"

Akaichana bahasha. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mhuri wa chama. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"Chama kinamteua kuwa mgombea wake wa udiwani... Gichuru wa Ngari... seremala... mkazi wa Kware... kadi ya kura nambari..."

Sauti ikaenda mbele kidogo yenyewe, ikakatika.

"Soma!" mtu akapiga kelele.

Warigia akamnyang'anya. Ya pili ilikuwa fomu ya uteuzi, imejazwa yote, jina la mzee, kitambulisho chake, na sahihi za wadhamini: Lorine, mke wa Luseno, wa kwanza, kisha wanawake wa zamu ya asubuhi pale kiwandani, ambao saa hiyo walikuwa kazini. Mahali pamoja tu palikuwa patupu, pamezungushiwa duara la penseli, pa mgombea kutia sahihi. Chini kulikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la kuandikia hatua za chesi. Warigia alikisoma polepole, na hakukisomea watu.

"Mzee, wameapa sitafika hapo, na hawa nawajua. Nimejifanya mtu wao muda wote huu ili wanishike mimi. Wakishanipata, watachunga tu nisiwaponyoke. Hakuna anayekutazama wewe. Tia sahihi uingie. Usinikasirikie kwamba sikukuuliza, ungekataa."

Mzee Gichuru aliruka kutoka juu ya dawati kama kijana, akakimbilia mlango wa darasa. Msimamizi alikuwa anafunga kalamu yake.

"Mzee, saa sita imepita."

"Dakika nne! Dakika nne tu, bwana!"

"Hata moja, mzee wangu."

Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wachezaji wangapi maneno hayo! Akarudi nyuma, karatasi mkononi, na vijana wa langoni wakampisha kwa heshima.

Saa kumi na moja jioni alikuwa amekaa peke yake ukumbini mbele ya ubao, mabati yakivuma kwa mvua. Mlango ukasukumwa. Luseno akaingia, tope mpaka mapajani, shati limechanika begani. Walikuwa wamemfungia nyumbani kwa mtu huko Athi River tangu alfajiri, wakampa chai na televisheni, kisha wakamshusha barabarani wakicheka bila kumwambia neno. Akadhani wanacheka kwa kuwa habari hazijawafikia. Alikuwa ametembea karibu njia nzima.

"Mheshimiwa Diwani!" akaita, akafungua mikono yake miwili.

Kisha akauona uso wa mzee. Uso huo, kama kawaida, ulijibu kabla ya mdomo. Mikono ikashuka.

"Uliifungua saa ngapi?"

"Saa sita na dakika nne."

"Nilikwambia nne."

"Uliniambia."

Luseno akavuta kiti akakaa upande wa pili wa ubao. Maji yalitiririka kutoka kwenye nywele zake yakadondokea kete. "Kwa nini, Mzee?"

Angeweza kutaja sheria ya bahasha. Ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Nilidhani umetuuza," akasema. "Kwa mtu wa kwenu."

 Luseno aliangalia ukuta wa mawe, aliangalia picha za rangi za watoto wa chekechea, aliangalia saa ya kilabu ambayo mzee alikuwa ameirudisha mezani, kibendera kikining'inia. Mzee akatamani atukanwe.

Mwishowe Luseno akasimama. Akaupangusa mkono wake wa kulia kwenye suruali, mbele na nyuma, tope likatoka kidogo. Akaunyoosha juu ya ubao.

"Hongera, Mzee," akasema. "Umenishinda."

Mzee Gichuru aliutazama mkono ule. Kisha, kwa kuwa ndiyo sheria na ni yeye aliyeiweka, akasimama akaupokea.